Alama Tisini na Sita za Naibu Mkuu

Chuoni walimwita Macho Juu, na hakulichukia jina hilo. Alilitafuta mwenyewe. Mwanafunzi akisimama mbele ya darasa kuwasilisha mada yake, akathubutu kuinamisha kichwa kuchungulia karatasi, sauti ilitoka meza ya nyuma: "Macho juu." Haikuwa sauti kali hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayekunong'oneza kwamba kifungo chako kimefunguka. Lakini wapo walimu wazima leo, wenye ndoa na vitambi vyao, ambao ukiwaambia maneno hayo mawili barabarani watatoa mikono mifukoni bila kujua kwa nini.

Chuo kilikuwa cha ualimu, na wakati wenzake wakifundisha hesabu, sayansi na historia, yeye alifundisha watu kusimama na kusema. Hakuna aliyehitimu bila kupita chumbani kwake, chumba cha mwisho cha ghorofa ya juu, chenye jukwaa dogo la mbao lililolia kila lilipokanyagwa na madirisha yaliyogoma kufunga. Nyuma kabisa palikuwa na meza yake, na juu ya meza saa, karatasi ya alama, bilauri tupu na kijiko. Bilauri na kijiko vilikuwa vya kukatia maneno. Muda ukiisha aligonga mara moja, na aliyekuwa akisema alinyamaza hapohapo. Binti mmoja aligongewa akiwa amefika "kwa hiyo suluhisho pekee la tatizo hili ni", na darasa zima halijui mpaka leo suluhisho lilikuwa nini. Macho Juu naye hajui. Hakuwahi kuuliza.

Hapo ndipo penyewe. Macho Juu hakupima mtu anachosema, alipima anavyosema, na jambo hilo alilitangaza kwa fahari siku ya kwanza ya kila mwaka. Aliwaambia kwamba ukweli wa mada utaangaliwa na mwalimu wa mada. Yeye hata mtu akimwambia dunia ni ya mraba, mradi amwambie kwa sauti inayofika nyuma, mikono imetulia, pumzi imepangwa, atapata haki yake. Wanafunzi walicheka wakidhani mwalimu anatania. Mtundu mmoja akaamua kumjaribu. Alipanda jukwaani akaeleza, kwa hisia nzito, namna ya kuchemsha maji. Alipofika mahali ambapo maji yanaanza kutoa mapovu alitua, akatazama dirishani kwa uchungu, kisha akamalizia kwa sauti ya chini. Alipata themanini na nane. Wenzake waliozungumzia mustakabali wa elimu huku wameng'ang'ania kingo za meza waliambulia hamsini.

Msidhani alizaliwa hivyo. Alipoanza kazi alikuwa akisikiliza kama watu wengine. Kijana mmoja akasimama akasimulia kifo cha mama yake, darasa likalia, Macho Juu akalia nalo, akampa alama ambazo hakuwahi kumpa mtu. Siku ya mahafali marehemu alikuja. Alivaa gauni la kijani, akakaa safu ya mbele, akampigia mwanawe vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Macho Juu alikwenda kumpa mkono wa pongezi, mkono ulikuwa wa moto kabisa, na tangu siku hiyo aliapa kwamba maneno ya mtu hayatamghilibu tena. Atachukua sauti, atachukua mikono, atachukua macho na miguu. Maneno yabaki nje.

Akafanikiwa kupita kiasi. Kwenye mazishi ya jirani, msemaji wa familia alipokuwa akieleza ugonjwa wa marehemu ulivyoanza, Macho Juu alimwinamia mkewe akamwambia yule bwana anayumbayumba, angetanua miguu kidogo. Kijana aliyekuja kumposa binti yao wa pili hajui mpaka leo kwamba alipata sitini na tano, kwa kuwa alianza vyema lakini hitimisho likamshinda. Binti aliolewa hata hivyo, kwa sababu mama mtu ndiye aliyesikia kwamba kijana ana kazi ya maana na hana mke mwingine popote.

Huyo mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa vipimo vya mumewe hakukuwa na mzungumzaji mbovu zaidi yake duniani. Aliongea na watu macho yakiwa kwenye sindano, pini zimejaa mdomoni, mguu ukikanyaga cherehani katikati ya sentensi. Ajabu ni kwamba hakuna mteja aliyewahi kumwomba arudie. Macho Juu alikuwa ameacha kumsahihisha tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, alipoambiwa aendelee kama anataka kujishonea suruali zake mwenyewe.

Mambo yakaenda hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka mkuu mpya wa chuo aliporudi kutoka semina. Wakuu wengi wakirudi kutoka semina huleta mkoba na kalamu. Huyu alileta wazo. Mtihani wa kuzungumza, alisema, unakula muda, unakula chumba, na unategemea sikio la mtu mmoja. Kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi ajirekodi kwa simu yake, popote anapojisikia vizuri, arudie mpaka aridhike, kisha atume. Kompyuta itapima. Chumba cha juu kigeuzwe stoo ya viti vibovu, na mwalimu wake ahamishiwe ofisi ya ratiba mpaka atakapostaafu. Mkuu alikuwa muungwana, hakutaka ionekane ameamua peke yake. Baraza la walimu litakaa Alhamisi, naibu mkuu atawasilisha mpango, Macho Juu atapewa dakika tano za kuujibu, halafu watu watainua mikono.

Macho Juu aliumia, na hakuna haja ya kulipamba jambo hilo. Ofisi ya ratiba ilikuwa chini ya ngazi, haina dirisha, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba madarasa mawili hayagombanii chumba kimoja. Mtu aliyekuwa amesimamisha vijana wa wilaya nzima juu ya miguu yao akamalizie maisha akipanga vyumba vya wenzake. Alikosa usingizi, alikosa hamu ya kula, na kwa mara ya kwanza alisahau kumkemea mwanafunzi aliyeegemea ubao.

Kilichomchoma zaidi ni nani atakayewasilisha. Naibu mkuu hakuwa mtu baki. Zamani alifika chuoni hapo akiwa mwanafunzi, binti mwembamba anayezungumza na viatu vyake. Mara ya kwanza kupanda lile jukwaa alitaja jina lake, akasahau la baba yake, akashuka akilia. Macho Juu alimbakiza jioni baada ya jioni, akamfundisha kupumua kabla ya kufungua mdomo, kushusha mabega, kuitupa sauti mpaka ukuta wa nyuma. Alimjenga tofali kwa tofali. Sasa binti yuleyule alikuwa mama mzima wa ofisini, mwenye miwani na funguo nyingi, na angekuja kumbomolea chumba kwa sauti ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyempa.

Aliandika utetezi wake kwenye karatasi mbili na kumsomea mkewe sebuleni, amesimama, miguu imetanuliwa ipasavyo. Mkewe alisikiliza huku akipinda pindo la sketi. Alipomaliza, mama huyo alitema pini moja na kusema maneno ni mazuri, hasa pale aliposema kwamba mwalimu hatafundisha simu, atafundisha watoto wa watu wanaopiga kelele. Aanze na hilo, akamshauri, asilifiche mwishoni. Macho Juu akamjibu kwamba huwezi kuanza na kilele, kuna utaratibu. Mkewe akarudi kwenye pindo lake.

Alhamisi ikafika. Walimu walijaa ukumbini, wengine wana madaftari ya kusahihisha magotini, wengine wanawaza chai. Mkuu alikaa mbele, na mezani kwake palikuwa na bilauri na kijiko, kwa maana utaratibu wa Macho Juu ulikuwa umesambaa chuo kizima na baraza lenyewe lilikuwa likiutumia. Macho Juu alichagua kiti cha nyuma kwa mazoea. Utetezi wake ulikuwa kwenye mfuko wa koti. Mbele yake aliweka karatasi nyingine, ya kunukuu hoja za mpinzani ili azijibu moja baada ya moja. Alikuwa amejiapiza kwamba leo atasikiliza.

Naibu mkuu alisimama. Hakukimbilia kusema. Alisimama kimya, akavuta pumzi, mabega yakashuka, akazungusha macho ukumbi mzima kama mwenye nyumba anayehesabu wageni wake. Macho Juu aliona kile kimya na kalamu yake ikaandika bila kuulizwa: Mwanzo, kumi kwa kumi.

Basi ikawa imekwisha. Alijaribu kurudi kwenye maneno, Mungu ni shahidi. Alishika neno "gharama", akashika neno "muda", lakini sauti ilikuwa ikipanda na kushuka vizuri mno, na mkono wa kulia ulifunguka mahali hasa unapotakiwa kufunguka. Aliandika: Mikono, tisa, ameshika kalamu bila sababu. Aliandika: Sauti, imefika. Hoja ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, naye akizihesabu kwa namna msemaji alivyohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Moyo ulimjaa. Ule woga wa wiki nzima ulikuwa umempotea kabisa, na mahali pake pamekaa furaha ya fundi anayeiona kazi yake imesimama.

Kwenye hoja ya tatu naibu mkuu alishusha sauti. Alisema jambo fupi, akatua. Alitua kwa muda mrefu kuliko alivyotua mahali pengine popote, na wakati wote huo alimtazama Macho Juu, yeye peke yake, moja kwa moja. Ukumbi ulitulia. Walimu wawili watatu waliinua vichwa kutoka kwenye madaftari, wakageuka kumtazama yeye pia, maana yeye ndiye mwenye jambo, na nani angetangulia kunyoosha mkono mbele ya mkuu ilhali mwenye jambo amekaa? Macho Juu alipokea yale macho kwa heshima zote. Akatikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akiwatikisia wanafunzi wake bora kuwatia moyo waendelee, kisha akaandika: Kutua, kumi, sijawahi kuona. Akapigia mstari.

Walimu walipoona mzee ametikisa kichwa, wakarudi kwenye madaftari yao. Naibu mkuu alisubiri kidogo tena, halafu akamalizia. Hitimisho lilikuwa la haraka na lenye baridi kidogo. Macho Juu alimkata alama tatu, kwa masikitiko.

Mkuu akamkaribisha ajibu. Alisimama, akaingiza mkono mfukoni kutafuta utetezi wake, na mkono ukatoka mtupu kabla ya kuugusa, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa tayari umeshika karatasi ya alama.

"Kabla sijajibu," alisema, "niruhusuni neno moja tu kuhusu uwasilishaji."

Ikawa si neno moja. Aliueleza ule mwanzo wa kimya. Akaeleza pumzi. Akawaomba walimu vijana wakumbuke mkono wa kulia ulivyofunguka, akawaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, akakumbusha kwamba mtu huyuhuyu aliwahi kusahau jina la baba yake jukwaani, na watu wakacheka vizuri. Akaja kwenye ile hoja ya tatu, kule kutua, akasema katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kuona mtu akitua vile, na kwamba kama yupo asiyejua kimya kinaweza kufanya nini basi leo amejionea. Jumla, alisema, ni tisini na sita kwa mia. Ukumbi ukampigia makofi. Mkuu wa chuo alipiga kwa nguvu kuliko wote. Naibu mkuu peke yake hakupiga. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, akimtazama mzee kwa uso ambao Macho Juu aliutafsiri kuwa ni unyenyekevu.

"Sasa, kuhusu mpango wenyewe," Macho Juu aliendelea, na mkono ukaenda tena mfukoni.

Kijiko kikagonga bilauri.

Mtu mwingine angeomba dakika moja ya nyongeza, na angepewa, kwa maana hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa ya chai. Lakini mzee huyu alikuwa amekata maneno ya watu maisha yake yote. Aliifunga midomo katikati ya sentensi na kukaa chini, safi, bila kunung'unika, kama mfano wa kuigwa. Mikono ikainuliwa. Ilikuwa mingi. Kama mwenye jambo mwenyewe ameupa mpango tisini na sita, wengine ni nani wa kuukataa?

Alirudi nyumbani mchana akiwa na uchangamfu wa ajabu, kama mtu aliyepigwa na bado hajaanza kuvimba. Mkewe alikuwa kwenye cherehani. Akamuuliza imekuwaje, naye akamwambia imepita, watu wameinua mikono, dakika hazikutosha. Mkewe akauliza yule binti alisema nini hasa mpaka wote wakakubali.

"Alisema vizuri sana," Macho Juu alijibu. "Laiti ungekuwepo."

Cherehani ikasimama. Mkewe aliinua uso, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi akiwa kazini. "Sikukuuliza alisemaje, mume wangu. Nimekuuliza alisema nini."

Macho Juu alifungua mdomo. Alikumbuka sauti, akakumbuka mkono, akakumbuka miwani ilivyong'aa alipogeuka upande wa madirisha. Alitafuta ndani ya kichwa chake sentensi moja, hata nusu yake. Alipata "gharama" na "muda". Ndipo uvimbe ulipoanza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kati ya magauni ya watu, akasema hajui, na mkewe hakumcheka. Angemcheka ingekuwa nafuu.

Kesho yake alipanda ghorofani kukusanya vitu vyake. Alikuwa akiifungia bilauri kwenye gazeti pale jukwaa lilipolia. Naibu mkuu alikuwa amesimama juu yake, anatweta kwa sababu ya ngazi. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, kisha akashuka, akavuta kiti cha mwanafunzi na kukaa mbele ya meza ya mwalimu wake.

Alisema amekuja kumuuliza jambo moja, na kama atamkosea adabu amsamehe. Alieleza kwamba hotuba ile aliandikiwa na mkuu, naye alipewa ya kusoma, si ya kubishana. Naibu hampingi mkuu wake mbele ya watu, labda awe amechoka na kazi. Lakini mpango ulikuwa umefanyiwa majaribio kimyakimya kwa kundi moja la wanafunzi, na yeye ndiye aliyeyasimamia, na alijua yalivyokwenda. Mkuu alikuwa amemwambia asilitaje jambo hilo. Yeye akalitaja. Alilipenyeza kwenye hoja ya tatu, kwa maneno machache, akatua ili mtu aulize. Akiulizwa na mjumbe wa baraza, naibu mkuu analazimika kujibu, na hapo hata mkuu asingeweza kumzuia.

"Nilikutazama wewe, mwalimu," alisema. "Nilitua mpaka nikaona aibu. Ukatikisa kichwa. Nikajiuliza, ina maana anajua na ameridhika? Au amechoka na sisi?"

Macho Juu aliweka bilauri chini. Alitaka kusema kwamba lilikuwa tendo zuri mno la kutua, na aliona neno hilo likimjia hadi kwenye ulimi, akalimeza. Uso ulimwaka moto kwa haya mbele ya mtu aliyemfundisha kutoona haya.

"Mwanangu," alisema, "sikukusikia. Nisomee hiyo hoja ya tatu."

Naibu mkuu alitoa karatasi kwenye mkoba. Hakusimama. Alisoma amejikunja juu ya kiti kidogo kisicho chake, uso umezama kwenye maandishi, sauti imekwaruza, maneno yakigongana, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa karatasi ya Macho Juu asingefikisha hata arobaini.

"Wanafunzi wote wa majaribio waliojirekodi walifaulu kwa alama za juu," alisoma. "Walipopelekwa mashuleni kufundisha, nusu yao walirudi chuoni kabla ya wiki kwisha."

Mzee alilisikia kila neno. Yaliingia moja baada ya jingine, na hakuna lolote kati yao lililokuwa gumu.

"Walirudi kwa nini?" aliuliza.

Naibu mkuu aliikunja karatasi, akaikunja tena, akairudisha mkobani.

"Hilo tu, mwalimu," alisema. "Jana nilikuwa nasubiri uniulize hilo tu."